Nafasi Ipo, Ila Iko Ghorofa ya Tano

Jamani, mjini hakuna pa kuegesha! Huo ndio wimbo wetu wenye magari, na kiitikio chake ni kimoja: jiji lijenge jengo jingine la maegesho, tena refu, tena haraka. Nami naitikia kwa sauti kubwa. Lakini tuambizane ukweli sisi kwa sisi, kabla madiwani hawajatusikia. Tunacholilia si maegesho. Tunalilia ile nafasi moja mbele ya mlango wa duka, upande wa kivuli, isiyolipiwa, na tunaitaka iwe tupu saa nne asubuhi. Jiji lijenge ghorofa kumi, nafasi hiyo itabaki kuwa moja.

Asiyeamini aingie jengo lolote la maegesho mchana wa siku ya kazi. Chini magari yamebanana. Kuna mmoja kasimama katikati ya njia, indiketa inawaka, anamngoja mama anayepanga mizigo kwenye buti. Mama hana haraka. Nyuma honi zinalia. Panda ghorofa mbili, nafasi kibao. Panda hadi juu kabisa, juani, utakuta njiwa na gari moja lenye pancha. Huyo wa chini hapandi ng'o. Anaona kheri angoje dakika kumi kuliko kupanda lifti dakika moja, na jioni atakwambia kulijaa.

Sasa tupige hesabu, maana watu wanadhani nafasi ya gari ni vile vistari vyeupe tu. Kipimo cha kawaida ni mita 2.4 kwa 4.8, yaani hata mita za mraba 12 hazifiki. Ukiongeza njia ya kupitia yenye upana wa mita 6, mteremko wa kupandia, ngazi, lifti na nguzo, kila gari linakula mita za mraba 25 mpaka 30. Mwenye gari akifika ofisini anapewa meza na kiti kwenye eneo lisilofika nusu ya hapo. Gari limelala kutwa, yeye ndiye anayefanya kazi, na gari ndilo lenye chumba kikubwa.

Wala hizo mita 2.4 si za starehe. Gari la kawaida lina upana wa mita 1.8, kwa hiyo kati yako na jirani zinabaki sentimita 60, vioo vya pembeni hatujavihesabu. Kwa mtu mwembamba, sawa. Haya magari ya siku hizi yanayokaribia mita 2 yakikutana mawili ubavu kwa ubavu, zinabaki sentimita 40, na hapo dereva mwenye kitambi atatokea buti. Ndipo anakuja kijana wa kuelekeza: rudi, rudi, kata kulia, kata yote, nyoosha, njoo, bado ipo, bado ipo... ngo! Haipo tena.

Itazame nguzo ya kwenye kona. Kimo cha bampa ina rangi zote, nyekundu juu ya fedha juu ya bluu, kila rangi na mwenyewe aliyekwenda nyumbani kujieleza. Nyingine utakuta zimesimamishwa ukingoni kabisa mwa njia, pale pale gari linapokata kona kuingia. Zingerudishwa ndani kidogo, mlango ungefunguka na kona ingekatika. Halafu uangalie mahali mteremko unapokutana na sakafu. Ukipandisha mita 1 kwa kila mita 6 za kwenda mbele, usipoweka kipande cha mwinuko wa nusu yake juu na chini, magari ya chini-chini yanakwangua tumbo. Mikwaruzo iko pale kwenye zege, haihitaji shahidi.

Ila balaa lenyewe liko getini, jioni. Jengo lina magari 400 na geti la kutokea moja. Tuseme kila dereva ana kadi mkononi na anatumia sekunde 15. Hayo ni magari 240 kwa saa, kwa hiyo wa mwisho anatoka baada ya saa 1 na dakika 40. Hapo kila mtu ni mwerevu. Akitokea mmoja tu mwenye noti iliyokunjamana, mashine ikaitema, akainyoosha pajani, mashine ikaitema tena, dakika 2 zimekwenda na magari 8 yamekwama. Dawa inajulikana: watu walipe kwenye mashine ya ndani kabla ya kurudi kwenye gari, geti libaki na kazi ya kufunguka tu. Hata hivyo geti likifunguka unatokea wapi? Kwenye barabara ile ile yenye foleni. Sasa ongeza jengo la pili, limwage magari mengine 400 kwenye makutano yale yale, kisha tulaumu taa.

Na kwa nini tunazunguka mitaani badala ya kuingia humo? Kwa sababu mtaani ni bure au rahisi, na ndani ya jengo ni ghali. Bei imekaa kichwa chini miguu juu. Nafasi ya mlangoni ndiyo inayogombewa, basi ndiyo iwe ghali, na ya ghorofa ya tano iwe ya chee. Marehemu Profesa Donald Shoup wa UCLA, chuo kikuu cha Marekani, alilisema hili miaka na miaka: panga bei mpaka karibu asilimia 85 ya nafasi za mtaa zijae, yaani katika nafasi 7 moja iwe wazi. San Francisco wakalijaribu kuanzia 2011, bei ikipanda panapojaa na kushuka panapododa, mtaa kwa mtaa, saa kwa saa. Sisi tukisikia bei ya mlangoni ipande tunashika vichwa, kisha tunataka jiji likope fedha lijenge.

Wenye maduka ndio wanaopiga kelele kuliko wote, eti wateja hawana pa kuweka gari. Ulizia lile gari lililoko mlangoni tangu saa mbili asubuhi ni la nani. Ni la muuzaji wao! Si jambo geni. Mita ya kwanza ya maegesho, ile mashine ya kulipia kando ya barabara, iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, senti 5 kwa saa, kwa kuwa magari ya wafanyakazi yalikuwa yanalala kutwa mbele ya maduka.

Kwa hiyo kabla ya kumwaga zege, jiji litume watu wenye madaftari. Waandike tarakimu za mwisho za namba za magari kila nusu saa, mtaa mzima, na majengo yote, hata yale maeneo ya ofisi yanayofungwa mnyororo jioni yakiwa matupu. Hapo itajulikana nani kaja dakika 20 na nani kahamia. Bei ikishapangwa na ghorofa zote bado zimejaa hadi kwa njiwa, haya, jengeni. Lakini sakafu ziwe bapa, zisiwe za mshazari, ili siku magari yakipungua pageuzwe ofisi. Vinyunyizio vya maji viwekwe, msiseme ni ghali: huko Liverpool, siku ya mwisho ya 2017, jengo lisilokuwa navyo liliungua na magari kama 1,400.

Na rangi, tafadhali. Kila ghorofa rangi yake, herufi kubwa kwenye kila nguzo, maana sasa hivi kuna mtu yuko ghorofa ya tatu anabonyeza rimoti, na gari lake linamwitikia kutoka ya nne.