Walishauri kwa Siri, Sawa. Lakini Waliulizwa Nini?

Natoa jibu langu mapema ili asiyefika mwisho asiseme nimemzungusha. Ndiyo, wanasayansi wakubwa wa Marekani waliwashauri wanajeshi na majasusi kuhusu vitu vya ajabu angani. Walishauri kwa siri, karatasi zikagongwa mihuri na kufungiwa kabatini miaka mingi. Hapo hatuna ubishi. Ninachobisha ni yale ambayo watu wanaongezea juu yake, kama mtu aliyeona jirani kafunga mlango akaapa kwamba ndani mna jini.

Ubishi wenyewe ulianzia kwenye grupu la WhatsApp la familia. Shemeji yangu ni fundi wa mafriji, mtu mwenye akili zake, anayeweza kukuambia kompresa imekufa kwa kusikiliza mlio tu. Akatuma sauti ya dakika saba. Kwa ufupi: wanasayansi wanajua viumbe wa sayari nyingine wapo, waliliambia jeshi tangu miaka ya hamsini, wakalishwa kiapo. Nikamjibu mistari miwili. Akanirudishia, "Shem, wewe unaamini kila kitu kilichoandikwa na serikali." Nikamwambia nitajibu mahali penye nafasi.

Haya. Januari 1953, Washington. CIA imewaita wanasayansi watano. Mwenyekiti ni H. P. Robertson, mwanafizikia wa Caltech, chuo cha California, ambaye jina lake limo mpaka leo kwenye hesabu za kutanuka kwa ulimwengu. Yupo Luis Alvarez, ambaye atakuja kupata Nobel mwaka 1968. Yupo Samuel Goudsmit, aliyezunguka Ulaya vita vikielekea ukingoni akitafuta Wajerumani walifika wapi na bomu la atomiki. Yupo Lloyd Berkner, bingwa wa mawimbi ya redio, na Thornton Page, mtaalamu wa nyota. Ungetaka watu wa kuamua kama dunia imepata wageni, usingepata walio bora kuliko hao. Wakakaa kuanzia tarehe 14 hadi 17, na ukijumlisha vikao vyote unapata saa kama 12.

Ushahidi mmoja uliowachukulia muda ulikuwa filamu ya rangi. Tarehe 2 Julai 1952 Delbert Newhouse, mpiga picha wa jeshi la wanamaji, alikuwa safarini na mkewe na watoto karibu na Tremonton, jimbo la Utah. Wakaona vitu ving'avu juu, vimejikusanya, vinazungukana. Akasimamisha gari, akafukua kamera kwenye mizigo, akarekodi. Kinachoonekana ni vidoto vyeupe kwenye anga la buluu, kama chumvi iliyomwagika kwenye kitambaa, vinakwenda huku na huku. Maabara ya picha ya wanamaji ilitumia takriban saa 1,000 za kazi kuichambua, ikafika mahali pa kusema kwamba vitu vile vinatoa mwanga wake vyenyewe, na kwamba si ndege wa manyoya wala si puto. Jopo likaitazama. Likaonyeshwa na filamu nyingine, ya shakwe wakiruka kwenye jua kali. Likaamua: ni shakwe.

Mimi nadhani hawakukosea. Aliyekulia pwani anajua shakwe akigeuza kifua juani saa tano asubuhi anavyometa mpaka umbo lake linapotea, unabaki na doa la mwanga tu. Na Tremonton haiko mbali na Ziwa Kubwa la Chumvi, ambako shakwe ni wa kumwaga. Lakini kazi ya saa 1,000 ya wenzao waliisukuma pembeni ndani ya muda mfupi mno, na hapo ndipo unapoanza kuona kwamba hawa wazee hawakuwa wameitwa kufanya sayansi.

Waliitwa kwa sababu ya hofu. Wasovieti walikuwa wamelipua bomu lao la kwanza la atomiki Agosti 1949. Julai 1952, wikiendi mbili mfululizo, rada za Washington zilionyesha vitu visivyojulikana juu ya mji mkuu, ndege za kivita zikarushwa, magazeti yakafurika habari, na jeshi likaitisha mkutano mkubwa na waandishi kutuliza watu. CIA ikajiuliza swali la kiaskari hasa: je, siku Wasovieti wakituma ndege zao kweli, simu zetu zikiwa zimejaa watu wanaoripoti visahani vya ajabu angani, nani atasikia? Ndilo swali lililowekwa mezani. Hakuna aliyewaomba waseme kama kuna uhai kwenye nyota nyingine. Wakajibu walichoulizwa: vitu hivi vyenyewe havitishii usalama wa nchi, ila wingi wa ripoti ndio unaotishia.

Hapo ndipo mimi na shemeji tunapoachana, ingawa hasira tunayo wote wawili. Yake inahusu viumbe waliofichwa. Yangu inahusu mapendekezo. Jopo lilishauri pawe na kampeni ya kuwaelimisha wananchi, na sehemu kubwa ya elimu hiyo ilikuwa kuvivua visahani heshima yake, watu waone ni upuuzi. Walitaja hata kampuni ya Walt Disney kama chombo kinachoweza kusaidia. Wakashauri vilevile kwamba vikundi vya raia wanaokusanya taarifa hizi viangaliwe, wakavitaja kwa majina, kimoja cha Los Angeles na kingine cha Wisconsin. Raia wa nchi huru, wanaokutana sebuleni kubadilishana picha za mawingu! Wanasayansi watano, mmoja wao Nobel ikimsubiri, wanaweka saini kwamba watu hao wachungwe.

Siri ilikuwepo, basi, lakini haikuwa ya wageni, ilikuwa ya wenyeji. Na ikalindwa kama lulu. Mwaka 1966 James McDonald, mwanafizikia wa anga wa Chuo Kikuu cha Arizona, alikwenda kambi ya Wright-Patterson kule Ohio, akaonyeshwa ripoti ile ya jopo. Alipoirudia kuomba nakala akanyimwa. Karatasi ni ya CIA na mhuri bado upo. McDonald hakuwa mtu wa kunyamaza. Akazungumza hadharani popote alipopewa kipaza sauti, na kuanzia hapo CIA haikupata tena usingizi kwenye jambo hili.

Shemeji ana hoja moja nzito na sitamnyima haki yake: kama hakuna kitu, mbona wanaficha? Swali zuri. Ila "kitu" si lazima kiwe na macho makubwa na ngozi ya kijivu. Chukua Roswell, mji wa jimbo la New Mexico, ambako inasemwa chombo cha kigeni kilianguka mwaka 1947. Kilichoanguka kilitokana na mradi wa Mogul: msururu wa maputo, vijiti vya mbao nyepesi na karatasi za kung'aa, uliorushwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York kwa ajili ya jeshi. Kazi yake ilikuwa kusikiliza kutoka juu angani mngurumo wa bomu la Wasovieti siku litakapojaribiwa. Wanasayansi? Ndiyo. Jeshi? Ndiyo. Siri? Kubwa kiasi kwamba baadhi ya waliorusha maputo hayo hawakulijua jina la mradi kwa miongo kadhaa. Kila kitu alichokisema shemeji kimo, isipokuwa abiria.

Au chukua ndege ya upelelezi ya U-2. Ilipoanza kuruka mwaka 1955 ilipanda zaidi ya futi 60,000, wakati ndege za abiria zilikuwa kwenye futi 10,000 hadi 20,000. Jioni, rubani wa abiria jua limeshamzamia. Kule juu bado linawaka, na mabawa ya rangi ya fedha yanang'aa kama kaa la moto. Anaripoti alichokiona, na amekiona kweli. Maofisa wa Blue Book, mradi wa jeshi la anga wa kuchunguza ripoti hizi, wanauliza CIA na kuambiwa ni nini. Halafu rubani anajibiwa kwamba aliona fuwele za barafu. Mwaka 1997 mwanahistoria mmoja wa serikali aliandika kwenye jarida la CIA kwamba zaidi ya nusu ya ripoti za mwishoni mwa miaka ya hamsini na za miaka ya sitini zilitokana na ndege za upelelezi za Marekani yenyewe. Hesabu hiyo siimezi nzima. Ni mwizi anayekuhesabia mwenyewe kaiba kuku wangapi. Lakini kwamba watu waaminifu walijibiwa uongo na serikali yao, hilo amelikiri aliyeusema.

Aliyebeba mzigo wa aibu ni J. Allen Hynek, mtaalamu wa nyota aliyekuwa mshauri wa jeshi la anga kuanzia 1948 hadi Blue Book ilipofungwa mwaka 1969. Machi 1966 watu kadhaa wa Michigan waliona taa kwenye eneo la kinamasi. Hynek akasimama mbele ya waandishi Detroit akasema huenda ni gesi ya kinamasi. Nchi nzima ikacheka. Gerald Ford, rais wa baadaye na wakati huo mbunge wa jimbo hilo, akadai Bunge lichunguze. Hynek alikuja kugeuka, akaanzisha kituo chake cha utafiti mwaka 1973 na kusema wazi kwamba kazi ile ilifanywa hovyo. Blue Book ilipofungwa ilikuwa na ripoti 12,618, na 701 kati yake hazikupata maelezo. Ukiniuliza mimi, 701 ni idadi ya kazi zilizobaki bila kumalizwa. Shemeji anaisoma kama idadi ya ziara.

Waghushi nao wanajua kwamba uongo mzuri unakandwa kwa maji ya kweli. Desemba 1984 mtengeneza filamu mmoja wa Marekani alipokea kwa posta mkanda wa picha za hati zinazodai Rais Truman aliunda kamati ya siri ya watu 12, maarufu kama Majestic 12, kusimamia mabaki ya chombo cha kigeni. FBI ilizichunguza ikasema ni za bandia mtupu. Saini ya Truman iliyomo inafanana na ya barua yake halisi ya Oktoba 1947 kama chapa. Lakini tazama majina: Lloyd Berkner yumo! Yule yule wa jopo la 1953. Yumo pia Donald Menzel, mtaalamu wa nyota wa Harvard, aliyetumia miaka akiandika kwamba visahani ni mawingu, taa na macho kudanganyika. Mchezo mtamu huo, kumweka mpinzani mkuu awe mtunza siri mkuu. Na Menzel kweli alikuwa na kazi za siri serikalini, za kuvunja misimbo, kwa hiyo aliyefukua maisha yake alikuta mlango uliofungwa. Mnaona jini linavyozaliwa?

Carl Sagan naye, mtaalamu wa nyota na kipenzi cha kila anayeota uhai kwenye sayari nyingine, alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alifanya hesabu kwenye mradi wa siri wa jeshi la anga ulioitwa A119. Wazo lilikuwa kulipua bomu la nyuklia mwezini ili Wasovieti walione. Kazi ya Sagan ilikuwa kukokotoa wingu la vumbi litakavyotanuka. Yalikuja kujulikana 1999, baada ya yeye kufariki, kwa sababu aliwahi kuutaja mradi huo kwenye maombi ya ufadhili wa masomo. Mwaka 1966 alikaa pia kwenye kamati iliyoikagua Blue Book kwa niaba ya jeshi la anga. Kwa hiyo ukisema "Sagan alilishauri jeshi kwa siri" hujadanganya hata neno moja.

Waingereza walifanya yao kwa kurasa chache: kikundi kilichoundwa 1950, Sir Henry Tizard, mshauri wa sayansi wa wizara yao ya ulinzi, akiwa nyuma yake, kikaandika 1951 kwamba hakuna haja ya kuendelea. Miaka mingi wananchi waliambiwa nakala haipo. Ikaibuka 2001. Na Marekani wenyewe, kuanzia 2007, walitumia dola milioni 22 kwenye mradi uliozaa karatasi 38 za kitaalamu, nyingine zikihusu safari za kupita mwendo wa mwanga. Machi 2024 ofisi ya Pentagon ya kuchunguza mambo haya, iliyoongozwa kwanza na mwanafizikia Sean Kirkpatrick, ilitoa ripoti yake: haikupata ushahidi wa chombo cha kigeni, na madai mengi yanazunguka ndani ya kundi dogo la watu wanaonukuliana.

Shemeji akaisoma akasema, "Si ndivyo wangesema?" Ndivyo wangesema, kweli. Jopo la 1953 liliwafundisha watu kutoamini kauli kama hiyo, na deni hilo bado linalipwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa. Linganisha na lile pete la chuma lililoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, la kilo kama 500 na upana wa mita 2.5. Grupu letu lilishaanza kukesha. Shirika la Anga la Kenya likajitokeza mara moja: kipande cha roketi, tunachunguza ni cha nani. Hata shemeji alitulia.

Thornton Page ndiye ninayemkumbuka zaidi kati ya wale watano wa jopo la 1953. Desemba 1969, mwezi ule ule Blue Book inafungwa, yeye na Sagan waliandaa mjadala wa wazi mjini Boston, kwenye mkutano wa chama kikuu cha wanasayansi wa Marekani. Edward Condon, aliyeongoza uchunguzi wa mwisho wa kulipwa na jeshi la anga, alipinga usifanyike. Ukafanyika. McDonald akasimama akawaambia wenzake kwamba sayansi haijatimiza wajibu wake. Hynek naye akasema yake. Wenye mashaka wakajibu, mbele ya watu, bila muhuri wowote. Hawakukubaliana. Nimemtumia shemeji habari hiyo juzi. Tiki mbili za buluu zimewaka, na sasa naona anarekodi sauti.