Mi naogopa sindano na nina miaka 38

Mwaka jana nilimpeleka mama Dar kuchanja kabla ya safari yake ya Hijja. Ile ya homa ya uti wa mgongo ni lazima, bila hiyo Saudia huingii, halafu nesi akamwambia ipo na ya mafua, hii sio lazima ila kwa umri wako bi mkubwa na ule msongamano wa Makka tunashauri uchome. Mama akasema lete zote. Nesi akanigeukia na mimi, eti kaka si mnakaa nyumba moja, tukuchome na wewe? Nikatoa simu mfukoni, nikaweka sikioni, haloo haloo, nikatoka nje. Simu haikuita hata kidogo na mama alijua haikuita.

Toka Bunju mpaka tunaingia Bagamoyo nilisemwa. "We mtoto, mi nimezaa saba, mmoja alikuja ametanguliza miguu, hakuna aliyeniona nikikimbia, leo we unakimbia kisindano cha mafua?" Konda alicheka mpaka akasahau kudai nauli ya mtu wa Kerege.

Sasa nimeamua kuandika, maana najua siko peke yangu, ila wanaume wa huku hatusemi. Hii hofu hatukuzaliwa nayo, tumepandikizwa. Nani hajaambiwa utotoni "nyamaza, ntamwita daktari akuchome sindano"? Sindano imekua fimbo ya kunyamazishia watoto miaka yote, halafu mtoto akikua tunamshangaa anazimia kwa nesi. Mi shule ya msingi tulikua tukiona Landrova nyeupe inakata kona ya getini, darasa zima linapitia dirishani, mwalimu anabaki na ubao wake. Na wanaoogopa sio sisi wauza steshenari tu. Kuna wataalamu walijumlisha tafiti nyingi za watu wanaoogopa sindano, ikachapishwa 2019, wakakuta kwenye wagonjwa watu wazima 16 kati ya 100 walikwepa chanjo ya mafua kwa sababu ya sindano, na kwa wafanyakazi wa hospitali ni 27. Wafanyakazi wa hospitali! Kwa hiyo mama anipunguzie.

Najua kuna mtu ashaanza kusema lakini mafua tu jamani, unakunywa chai ya tangawizi unapona. Hapo ndo lugha inatuponza. Sisi pua ikichuruzika ni mafua, ukilala siku tano mwili unauma kama umepigwa na wanakijiji ni mafua, vumbi likikuingia nalo ni mafua. Hii ninayoisema ni influenza, ile ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria inaua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka duniani, wengi wazee na wenye magonjwa mengine. Na kirusi chake kinabadilika badilika, ndo maana wataalamu wanakaa mara mbili kwa mwaka kuchagua aina gani ziingie kwenye chanjo. Maana yake ya mwaka jana haikutoshi mwaka huu, inabidi urudi tena na tena. Kwa muoga hiyo ni hatari kubwa, chanjo ya manjano unajikaza mara moja inaisha, hii haiishi, kila mwaka uandae uongo mpya wa simu.

Kwa hiyo nikaanza kuchimba, je hakuna njia isiyo na sindano? Kumbe ipo zamani tu. Ya kupuliza puani Marekani waliiruhusu tangu 2003, na Uingereza watoto wanapuliziwa shuleni tangu 2013. Kila tundu la pua linapata tone la mililita 0.1 basi, hakuna cha pamba wala spiriti. Ndani yake kuna kirusi hai kilichodhoofishwa, kimezoeshwa baridi, yani kinaweza kuzaliana puani ambako kuna ubaridi ila kikishuka kwenye mapafu kwenye joto kinashindwa. Mtu aliyefikiria hilo apewe kiwanja. Septemba 2024 Marekani wakaenda mbele zaidi, wakaruhusu mtu mzima ajipulizie mwenyewe nyumbani.

Nikakimbia kumuonesha mama, nikajua nimeshinda. Halafu nikasoma chini. Ni ya miaka 2 hadi 49. Wajawazito hapana, mwenye kinga dhaifu hapana. Mama ana 66. Na kuna kipindi ilizingua, 2016 washauri wa chanjo wa Marekani walisema isitumike kwa sababu ilikua haiwakingi watoto vizuri dhidi ya H1N1, aina mojawapo ya kirusi cha influenza, ikarekebishwa wakaipokea tena msimu wa 2018. Na bado inataka friji, nyuzi 2 mpaka 8, hilo nitalirudia.

Ya pili ni ile ya presha, dawa inasukumwa kwa nguvu ya springi inatoka kama uzi mwembamba inapenya ngozi yenyewe. Kifaa cha hivyo kiliruhusiwa Marekani kwa chanjo ya mafua 2014, kwa watu wa miaka 18 mpaka 64. Mama kakosa tena, kwa miaka miwili. Hii kusema kweli haijanivutia. Zamani kulikua na bunduki za hivyo zinachanja foleni nzima ya wanajeshi kwa mdomo uleule, na miaka ya 1980 kliniki moja ya kupunguza uzito kule California bunduki ya aina hiyo ilisambaza homa ya ini B kwa wateja. Za sasa kila mtu anapata mdomo wake unatupwa, sawa, lakini bado inauma, sasa kama inauma nimeokoka na nini? Nimekimbia panya nikakumbatia paka.

Ila ya tatu, aisee. Kiraka. Kama plasta ndogo, upande mmoja ina vijisindano 100 vidogo sana havifiki hata milimita moja, chanjo imo ndani yake, unabandika mkononi vinayeyukia kwenye ngozi, baada ya dakika 20 unabandua unatupa kama karatasi. Waliijaribu kwa watu 100 kule Atlanta 2015, majibu yakatoka 2017, kinga ya mwili iliamka karibu sawa na sindano, hata wale waliojibandika wenyewe bila nesi. Na kilichonifanya nisimame kitini, kiraka hicho kiliwekwa kwenye nyuzi joto 40 kwa mwaka mzima chanjo ikabaki nzima.

Hapa ndo ninapotaka tuelewane, maana mi nilianza na uoga wangu ila nimefika kwingine. Wote mnaoishi huku mnajua deli. Mvuvi akishusha samaki, bila barafu ndani ya deli mpaka saa sita biashara imekufa. Chanjo nayo inasafiri na deli lake hivyohivyo, barafu ikiisha, umeme ukikatika, pikipiki ikiharibika porini, umemwaga. Ukitoa hilo deli njiani, ukatoa na sefti boksi la sindano zilizotumika, mtu wa kisiwani au ndani kabisa anabaki anahitaji plasta na saa ya kuhesabu dakika. Halafu kiraka kinajaribiwa kwanza wapi? Atlanta, ambako friji ziko mpaka kwenye gereji. Afadhali Gambia, wao wameshajaribu cha surua na rubela kwa watoto wadogo, majibu yametoka 2024 na ni mazuri.

Mi naona kiraka cha mafua kikifika hatua ya kujaribiwa kwa watu wengi, kije hapa. Bagamoyo tumetoa mikono sana. Watoto wetu na wa Korogwe walikua kwenye ule utafiti mkubwa wa chanjo ya malaria RTS,S, 2009 mpaka 2014, R21, nayo ya malaria, imejaribiwa hapahapa, na kuna vijana wa mji huu walikubali chanjo ya malaria ichomwe ndani ya mshipa kabisa, mi nikiwafikiria tu magoti yanalegea. Wataalamu wa Taasisi ya Afya Ifakara wako hapa, uzoefu upo. Tumekubali za kuuma zote, zamu ya plasta isitupite.

Nimemwambia mama hayo yote juzi barazani. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kinabandikwa wapi. Nikasema popote, mkononi. Akasema kikija nimpe yeye anibandike, ataniweka kwenye paji la uso, halafu nipite nacho sokoni.