Punda wa Boquillas

Mtu aliyezaliwa Lamu hafundishwi kupanda punda. Kwa sababu hiyo, mashua ya makasia ilipotushusha upande wa Meksiko, nilimwachia shemeji yangu nafasi ya pikapu na kutaka nipewe mnyama.

Boquillas del Carmen ni kijiji kidogo cha jimbo la Coahuila, ng'ambo ya hifadhi ya Big Bend ya Texas, kwenye mto ambao Wamarekani huuita Rio Grande na Wameksiko Río Bravo. Mwaka 2002, kufuatia mashambulizi ya Septemba 11 ya mwaka uliotangulia, kivuko hicho kilifungwa, na wanakijiji waliozoea kuishi kwa fedha za wageni wakakaa bila wateja hadi kilipofunguliwa tena mwaka 2013. Nadhani punda wangu alizaliwa katika miaka hiyo, kwa maana hakuwa na habari kabisa kwamba mgeni ni mtu wa kusikilizwa.

Nilimsemesha kwa Kiswahili cha Lamu, nikamvuta kamba, nikambembeleza. Yeye akafuata njia aijuayo, huku kijana mwenye kutuongoza akibaki nyuma kusalimiana na wenzake. Nikiwa juu ya mgongo ule mkavu niliyaonea wivu mawe ya madini ya milima ya Sierra del Carmen, ambayo kati ya mwaka 1909 na 1919 yalisafirishwa katika ndoo zilizoning'inia kwenye waya, yakavuka mto hewani mpaka Texas, safari ya kilomita zipatazo 10 isiyohitaji punda. Nilijuta pia kwamba tulikuwa tumekwisha kuoga asubuhi katika chemchemi ya maji ya moto ya nyuzi 41, ambako mlowezi mmoja, J. O. Langford, alihamia mwaka huohuo wa 1909 akitafuta nafuu ya malaria. Kuoga kule kungenifaa zaidi jioni.

Tulifika kwenye mkahawa, na shemeji yangu, aliyekuwa ameshakaa kivulini na kinywaji chake, akaniona nikipita.

"Shemeji, wapi tena?"

"Muulize huyu!"

Punda aliniingiza katika ua wa watu na kusimama barabara chini ya kamba ya nguo, uso wangu ukiwa umefunikwa na shuka mbichi. Mama mwenye nyumba hakushtuka hata kidogo. Aliiondoa shuka kichwani pangu, akaniashiria nishuke, na hapohapo akanionyesha meza iliyojaa vitambaa vya kutariziwa na nge waliosokotwa kwa waya na shanga, hata nikashuku kwamba yule punda hulipwa kamisheni. Nilinunua nge mmoja, mkubwa.

Tuliporudi Texas, ukaguzi ulikuwa wa mashine: unaweka pasipoti, kisha unazungumza kwa simu na ofisa aliye mbali, El Paso. Aliniuliza nimebeba nini kutoka Meksiko.

"Nge," nikamjibu.

Simu ikanyamaza kwa muda mrefu.

"Yuko hai?"

Nilieleza habari za waya na shanga, lakini mpaka nilipomwinua nge mbele ya kamera na kumgeuza pande zote, mkia ukiwa juu, ndipo aliponiruhusu nipite. Kisha akamwita anayefuata, na shemeji yangu, aliyewanunulia watoto wake wote zawadi ileile, akaanza kufungua mfuko wake polepole.