Oksijeni ya bahari: tumepoteza kiasi gani, na tuna uhakika gani?

Kuhusu kaboni, ubishi mkubwa umekwisha. Bahari humeza takriban robo ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu, na pH (kipimo cha uasidi; ikishuka, uasidi umepanda) ya maji ya juu imeshuka kutoka karibu 8.2 kabla ya enzi ya viwanda hadi karibu 8.1. Mvutano uliobaki ni wa oksijeni. Uchambuzi wa mwaka 2017 ulikadiria kuwa bahari zimepoteza zaidi ya asilimia 2 ya oksijeni yake tangu 1960. Wengi wanaona hapo mkono wa ongezeko la joto. Wengine wanasema vipimo vyenyewe havistahimili hukumu hiyo.

Wenye shaka wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Mbinu ya mkemia Winkler ya kupima oksijeni, ya mwaka 1888, bado ndiyo mizani: sampuli hutiwa chumvi ya manganizi na iodidi yenye alkali, oksijeni ikanaswa kwenye mashapo, kisha asidi huachilia iodini sawia na oksijeni hiyo, nayo hupimwa kwa thiosulfati. Kiputo kimoja cha hewa kikiingia chupani, maji yaliyokaribia kuishiwa oksijeni huonekana bado yanayo. Kosa hilo daima huongeza, halipunguzi. Kwa hiyo mbinu zilipoboreshwa, sehemu zenye oksijeni haba zingeonekana kupungukiwa hata kama hakuna kilichobadilika. Vihisi vya maboya ya Argo, yanayozama na kuibuka yenyewe yakipima bahari, navyo hupoteza wepesi vikiwa bado ghalani, vikasoma chini ya ukweli. Dawa yake ni kukiinua kihisi hewani kila boya linapoibuka na kukilinganisha na oksijeni ya angahewa, ambayo kiwango chake kinajulikana.

Tena kuna mabadiliko ya asili. Tope la sakafuni magharibi mwa Amerika ya Kaskazini, katika utafiti wa 2014, lilionyesha kuwa eneo lenye oksijeni haba lilisinyaa kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, pepo za tropiki zilipodhoofika. Ukianza kuhesabu mwaka usiofaa, mwelekeo unageuka.

Hata hivyo fizikia haiwaungi mkono hadi mwisho. Maji ya bahari ya nyuzi 0 hubeba karibu maikromoli 350 (kipimo cha idadi ya molekuli) za oksijeni kwa kilo. Ya nyuzi 30 hubeba karibu 190. Joto pekee linaeleza karibu asilimia 15 ya upungufu wote, ingawa katika mita 1,000 za juu linafikia karibu nusu. Kilichobaki kinatokana zaidi na maji ya juu kuwa mepesi, yasizame kupeleka hewa kwenye kina. Mifano ya kompyuta huonyesha upungufu mdogo kuliko uliopimwa. Wenye shaka hulitumia hilo dhidi ya vipimo, nami naona linaishtaki zaidi mifano, kwa sababu upungufu umeonekana katika mabonde mengi ya bahari yaliyopimwa na vikosi na vyombo tofauti. Upungufu upo. Lakini ile asilimia 2 haifai kubandikwa kwenye ghuba au pwani moja.

Kaboni inaaminika zaidi kwa sababu maabara hutumia maji rejea yaleyale, yenye kaboni inayojulikana kiasi chake, yanayotayarishwa katika taasisi ya bahari ya Scripps, Marekani, na sampuli huwekewa kloridi ya zebaki ili bakteria wasiendelee kupumua ndani ya chupa. Oksijeni haihifadhiki hivyo. Ndiyo maana ni vyema kupima vyote viwili kwenye maji yaleyale: oksijeni kwanza, mrija ukifika chini ya chupa, maji yakifurika mara tatu ya ujazo wake, halijoto ikiandikwa papo hapo. Uozo wa mabaki ya viumbe hula karibu molekuli 138 za oksijeni kwa kila 106 za kaboni unazotoa. Oksijeni ikishuka na kaboni ikapanda kwa uwiano huo, uozo umeongezeka au maji yamekaa kinani muda mrefu. Kaboni isipopanda, tafuta joto, au kiputo kilichoongeza kipimo cha zamani. Kabla ya hesabu hiyo ondoa kaboni iliyoingia kutoka angani, la sivyo kila sampuli ya maji ya juu itaonekana imeoza kuliko ilivyo.