Chipukizi hili ulilitoa wapi?

Kila nikionyeshwa ramani ya hatari ya magonjwa ya migomba, jicho langu huenda kwanza kwenye sehemu nyeupe. Nyekundu inajieleza: ugonjwa umeonekana. Nyeupe ndiyo hunitia wasiwasi, maana rangi hiyo moja inabeba mashamba yaliyokaguliwa yakakutwa salama na mashamba ambayo hakuna mkaguzi aliyeyakanyaga. Gari la ukaguzi hufuata barabara. Kibanja cha nyuma ya kilima hubaki cheupe mwaka baada ya mwaka.

Nazungumzia ule ugonjwa wa virusi uitwao kwa Kiingereza "banana bunchy top", unaodumaza mgomba, majani mapya yakatoka membamba, yamesimama wima na kusongamana kileleni kama ufagio. Kwenye vikonyo vya majani utaona vistari na vidoa vya kijani kilichokolea. Mgomba ukishikwa ungali mchanga, mkungu usahau. Dawa hakuna, ni kung'oa shina zima pamoja na watoto wake. (Mnyauko tulioujua Kagera tangu 2006 ni jambo jingine, ule ni wa bakteria.)

Virusi hivi viliripotiwa kwanza Fiji mwaka 1889. Kongo vilionekana miaka ya 1950, bonde la Rusizi, mpakani mwa Burundi, Rwanda na Kongo, miaka ya 1980, na miaka michache iliyopita vikathibitishwa kwetu Tanzania, mkoani Kigoma.

Shambani, mwenezaji ni kidukari wa migomba, mdudu mdogo anayejificha chini ya maganda ya shina, mara nyingi sisimizi wakimzunguka kwa ajili ya utamu anaoutoa. Lakini huyu si msafiri. Watafiti wa Australia walipima, wakakuta karibu thuluthi mbili ya maambukizi mapya yako ndani ya mita 20 kutoka mgomba mgonjwa, na asilimia 99 ndani ya mita 86. Mita 86! Kwa mwendo huo angefika lini Kigoma? Safari ndefu tunamfanyia sisi, kwa kubeba machipukizi.

Ndiyo maana ramani zinazochorwa kwa joto, mvua na mwinuko peke yake hazinitoshi. Sizibezi: kwenye miinuko ya baridi kidukari huzaliana polepole, na hilo ni la kujua. Ila chipukizi hufuata undugu. Kwetu mtu anayeanzisha kibanja huomba machipukizi kwa shangazi, kwa wakwe, kwa jirani aliyesifiwa mikungu mikubwa. Hakuna risiti, na hakuna setilaiti inayoona kiroba kilichofungwa juu ya bodaboda.

Siku hizi kuna droni, na kuna programu ya simu iitwayo Tumaini inayotambua magonjwa ya migomba kwa picha. Safi kabisa. Tatizo ni kwamba chipukizi lililoambukizwa linaweza kukaa wiki kadhaa likiwa zuri la kupigiwa picha, na wiki hizo zinatosha mwenye nalo kuwagawia watu watatu. Picha inakuambia ugonjwa ulikuwa wapi wakati ule.

Kama ningepewa fomu ya ukaguzi, ningeongeza swali moja: migomba hii mliitoa wapi, na mmempa nani? Majibu yakichorwa kama mistari kutoka kijiji hadi kijiji, wilaya hadi wilaya, tutaona ni nani atembelewe kesho asubuhi. Na sehemu zisizokaguliwa zipewe rangi yake, hata kijivu, zisijifiche ndani ya usalama.

Nimeambiwa wakulima hawakumbuki. Nikaona nimjaribu mama likizo iliyopita. Tulizunguka kibanja akanionyesha kwa fimbo: hii ndizi ya nshakala ni ya bibi yako, ile ya pale walitupa wakwe wa dada yako mwaka aliojifungua, hii niliomba Muleba baada ya mnyauko kumaliza za zamani. Kisha akaugusa mmoja karibu na choo.

"Huo alileta mjomba wako alipotoka Kasulu, kule Kigoma. Ulikuja kwenye basi, ndani ya kiroba, chini ya kiti."

Niliinama, nikageuza majani moja moja, nikabandua na maganda ya chini. Mama alisimama akinitazama, akauliza kama nimepoteza hela.