Libya 2011: Kibali cha Vita Kisicho na Tarehe ya Mwisho

Tarehe 17 Machi 2011 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1973 kuhusu Libya. Nchi 10 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 5 zilijizuia kupiga kura: Urusi, China, Ujerumani, India na Brazil. Azimio liliruhusu kuchukuliwa hatua zote zinazohitajika ili kuwalinda raia, likafunga anga ya Libya, likakataza majeshi ya kigeni kuikalia nchi hiyo. Siku mbili baadaye mabomu yakaanza kudondoka. Miezi saba baadaye Muammar Gaddafi, mtawala wa Libya, aliuawa Sirte.

Wengi wetu Afrika tumeshalihukumu jambo hili: Marekani na wenzake walitafuta kisingizio, wakakipata, wakaiangusha serikali wasiyoipenda. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaruka swali gumu. Gaddafi alikuwa ametangaza hadharani kwamba atawasaka wapinzani nyumba kwa nyumba, uchochoro kwa uchochoro, na vikosi vyake vilikuwa vimefika viungani mwa Benghazi, mji uliokuwa ngome ya waasi. Waliokuwa wakifanya uamuzi walikuwa na Rwanda kichwani. Mwaka 1994, wiki mbili tu baada ya mauaji ya kimbari kuanza, Baraza hilohilo lilipunguza walinda amani hadi watu 270 hivi. Marekani, iliyokuwa imepoteza wanajeshi 18 Mogadishu miezi michache kabla, haikutaka kusikia habari za kupeleka jeshi. Susan Rice, balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa mwaka 2011, alikuwa Ikulu ya Marekani wakati Rwanda inateketea. Anayelaumu kimya cha 1994 hawezi kulaumu kila hatua ya 2011 bila kueleza ni nini hasa alitaka kifanyike.

Ni kweli kwamba mwaka 2016 kamati ya bunge la Uingereza ilichunguza na kusema tishio kwa raia lilikuzwa kuliko ushahidi uliokuwapo. Hata hivyo, usiku ule wa Machi hakuna aliyekuwa na matokeo ya uchunguzi mkononi. Kwa maoni yangu, kuzuia msafara wa vifaru usiingie Benghazi kunateteka.

Kisichoteteka ni yaliyofuata. Katikati ya Aprili, Barack Obama, David Cameron na Nicolas Sarkozy, viongozi wa Marekani, Uingereza na Ufaransa, walichapisha makala ya pamoja magazetini. Walikiri kwamba azimio halikuwapa kazi ya kumwondoa Gaddafi kwa nguvu. Papo hapo wakaandika kwamba haiwezekani kuiwazia Libya ya baadaye ikiwa na Gaddafi madarakani. Soma kauli hizo mbili kwa pamoja uone vita ilivyobadilishwa lengo bila mtu kurudi Baraza kuomba ruhusa mpya. Wakati huohuo ujumbe wa marais wa Afrika, akiwamo Jacob Zuma wa Afrika Kusini, ulifika Tripoli tarehe 10 Aprili ukiwa na mpango wa kusitisha mapigano. Gaddafi aliukubali. Kesho yake waasi wa Benghazi waliukataa kwa sababu haukumtaka Gaddafi ang'oke. Sishangai: anayelindwa angani na ndege za NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na wenzake, hana haraka ya kukaa mezani.

Hapa baadhi ya wasomaji watanikumbusha Kagera, na wana haki. Mwaka 1979 Tanzania haikuishia kumfukuza Idi Amin, mtawala wa Uganda, katika ardhi yake. Ilisonga mbele hadi Kampala, bila kibali cha mtu yeyote, na njiani ilipambana na askari waliotumwa na Gaddafi huyuhuyu kumsaidia Amin. Mwalimu Nyerere alishutumiwa kwa hilo na viongozi wenzake wa Afrika. Mimi naiona vita ile kuwa ya haki, kwa hiyo siwezi kusema kila vita inayovuka lengo lake la kwanza ni uovu. Ila Tanzania ilikuwa imevamiwa. Kabla Kampala haijaanguka, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutanishwa Moshi waunde uongozi, na majeshi yetu yalibaki Uganda hadi 1981. Hata kwa maandalizi hayo Uganda haikutulia. Libya iliachwa bila maandalizi ya maana, na Obama mwenyewe alisema mwaka 2016 kwamba kutojipanga kwa siku ya baadaye huenda ndilo kosa lake kubwa zaidi.

Kiini cha tatizo, naona, kiko katika utaratibu. Baraza likishatoa kibali cha vita kisicho na ukomo, haliwezi kukirudisha bila ridhaa ya wanaokitumia. Marekani, Uingereza na Ufaransa zote zina kura ya turufu. Yeyote kati yao angeweza kuzuia azimio la kusitisha mashambulizi. Kibali cha Libya kilifutwa mwisho wa Oktoba, Gaddafi akiwa ameshazikwa. Iraq ni mfano mbaya zaidi: azimio 678 la mwaka 1990, lililotolewa ili kuikomboa Kuwait, lilitumiwa na Washington na London kama sehemu ya hoja yao ya kisheria kuivamia Iraq mwaka 2003.

Walinda amani hawapewi uhuru huo. Kikosi cha Umoja wa Afrika kilipopelekwa Somalia mwaka 2007 kilipewa miezi 6, kisha kikalazimika kuombewa upya. Kwa nini anayedondosha mabomu asibanwe vivyo hivyo?

Wapo watakaosema ukomo humsaidia dikteta, maana atajificha akihesabu siku, na kwamba Marekani ikibanwa sana italikwepa Baraza kabisa, kama NATO ilivyofanya Kosovo mwaka 1999. Hoja ya kwanza ina uzito, ingawa muda unaweza kuongezwa raia wakiwa bado hatarini. Ya pili hainishawishi. Anayepigana bila kibali anajulikana hana kibali, na hilo ni afadhali kuliko kukinyoosha kibali kidogo hadi kitoshee chochote. Urusi na China zilipopiga turufu azimio kuhusu Syria Oktoba 2011, Urusi ilitaja waziwazi yaliyotokea Libya. Waliolipa gharama ya hila ile ni Wasyria.

Na Afrika haikuwa mtazamaji. Afrika Kusini, Nigeria na Gabon zilikuwa miongoni mwa zile kura 10. Azimio huhitaji kura 9. Nchi hizo tatu zingejizuia, zingebaki 7, na azimio lingeanguka. Washington, London na Paris zilizihitaji, na hapo ndipo palikuwa pa kudai sharti: siku 90, kisha mrudi Barazani mueleze mmemlinda nani na mnaomba kuendelea kwa ajili gani.