Hesabu ya bilioni 7: Tornado Cash na haki ya kuficha mshahara wako

Mwaka jana mteja wa nje alinilipa kazi ya tafsiri kwa USDC, sarafu ya kidijitali yenye thamani sawa na dola ya Marekani. Hela ziliingia kwenye pochi kabla sijamaliza chai. Kwa udadisi tu nikabandika anwani iliyonilipa kwenye tovuti ya kusomea miamala ya Ethereum, blokcheni ambayo daftari lake la miamala liko wazi kwa kila mtu, nikakuta watu saba wanaolipwa na mfuko uleule kila mwisho wa mwezi. Mmoja alikuwa akipata mara mbili ya wenzake. Mwingine alilipwa hadi Machi, kisha anwani yake ikatoweka kwenye orodha. Sikudukua chochote, nilibofya mara mbili basi. Na mteja yule naye, akitaka, anaona salio langu na kila niliyemtumia, leo na miaka kumi ijayo, maana daftari hili halifutiki.

Naanzia hapo makusudi, kwa sababu mjadala wa zana za faragha kwenye blokcheni huanzia kwa mwizi, na ukianzia kwa mwizi umeshaumaliza. Miamala yangu ya benki inaonwa na benki, na serikali ikiwa na amri ya mahakama. Jirani haioni. Kwenye Ethereum jirani anaiona sawasawa na mpelelezi.

Tornado Cash, programu inayochanganya hela za watu wengi kwenye chungu kimoja, ilianzishwa mwaka 2019 kuziba tundu hilo. Unaweka kiasi maalumu cha etha, sarafu ya Ethereum, yaani 0.1, 1, 10 au 100, ili isiwepo hela inayojulikana kwa ukubwa wake: noti ya elfu kumi ikishaingia kwenye chungu cha noti za elfu kumi, nani ataitambua? Unapoweka, kompyuta yako inatunga namba ya siri, na daftari linapokea alama yake tu. Siku ya kutoa, kwa anwani mpya kabisa, unawasilisha uthibitisho wa kihisabati kwamba mojawapo ya siri zilizomo chunguni ni yako, bila kusema ipi, pamoja na alama ya pili inayozuia siri hiyo isitumike tena. Elimu ya uthibitisho wa namna hii, unaothibitisha bila kufichua, ilianzishwa na Goldwasser, Micali na Rackoff mwaka 1985. Mei 2020, baada ya watu 1,114 kushiriki kuandaa namba za msingi za mfumo, waanzilishi waliachia funguo za kubadilisha mikataba janja ile, yaani programu zinazojiendesha zenyewe kwenye blokcheni. Tangu hapo hakuna mtu duniani aliyeweza kuizima, wao wenyewe wakiwemo.

Tarehe 8 Agosti 2022, Wizara ya Fedha ya Marekani iliiwekea vikwazo, ikisema imetumika kutakatisha zaidi ya dola bilioni 7. Siku mbili baadaye Alexey Pertsev, mmoja wa watengenezaji wake, alikamatwa Amsterdam.

Bilioni 7. Namba hiyo imerudiwa mpaka imekuwa kama jina la pili la Tornado Cash, na mimi imenisumbua tangu siku ya kwanza. Tangazo lenyewe lilitaja matukio matatu: zaidi ya dola milioni 455 zilizoibwa na kundi la Lazarus la Korea Kaskazini, milioni 96 za wizi wa Harmony, na milioni 7.8 za wizi wa Nomad, yote mawili majukwaa ya kuhamishia sarafu kati ya blokcheni. Jumlisha. Hazifiki milioni 560, yaani asilimia 8 hivi ya bilioni 7. Zilizobaki ni za nani? Bilioni 7 ilikuwa takriban kila kilichowahi kupita kwenye chungu kile, cha mwizi na cha mwenye mshahara, vikapewa jina moja la utakatishaji. Mahakama ya Uholanzi, iliyomhukumu Pertsev miaka 5 na miezi 4 Mei 2024, ilizungumzia dola bilioni 1.2. Hata kwa hesabu hiyo, kwa kila dola sita zilizopita, tano hazikuonyeshwa kuwa za haramu. Vitalik Buterin, mwanzilishi mwenza wa Ethereum, alisema hadharani kwamba aliitumia kuichangia Ukraine. Mchangiaji kama huyo naye amehesabiwa humo.

Hata hivyo, dola moja chafu kati ya sita ni nyingi mno. Benki yenye uchafu wa kiwango hicho isingefungua mlango kesho yake. Na upande wa waendesha mashtaka una hoja moja ninayoiheshimu kuliko zote: faragha ya chungu inatoka kwa umati. Wakiwemo watu kumi, ni rahisi kukisia. Wakiwemo elfu kumi, huwezi. Kwa hiyo kila mtu mwema aliyeweka etha zake mle, akitaka asitake, alimkinga mwizi wa Lazarus. Tena waanzilishi hawakuandika msimbo wakaondoka. Waliendelea na tovuti iliyorahisisha matumizi, walikuwa na sarafu ya TORN iliyoweza kuwapa faida chungu kikitumika zaidi, na habari za wizi ziliwafikia. Majaji wa Uholanzi waliyasimamia hayo, na siwezi kusema walikosea kuyauliza.

Walipokosea, kwa maoni yangu, ni kuuchukulia mtambo usio na mshika usukani kana kwamba ni duka lenye mwenyewe kaunta. Novemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Marekani iliamua kwamba mikataba janja isiyobadilishika si mali ya mtu, hivyo wizara ilivuka mamlaka yake. Machi 2025 vikwazo vikaondolewa. Lakini Agosti mwaka huohuo jopo la raia jijini New York lilimtia hatiani Roman Storm, mwanzilishi mwenza wa Tornado Cash, kwa njama ya kuendesha biashara ya kuhamisha fedha bila leseni. Kwenye mashtaka ya utakatishaji na ya kukiuka vikwazo halikuafikiana.

Kinachonipa moyo ni kwamba hisabati ileile iliyoleta shida ya umati inaweza kuupunguza umati huo. Mwaka 2023 Buterin na wenzake wanne waliandika pendekezo la Privacy Pools, na Machi 2025 likaanza kufanya kazi kwenye Ethereum. Hapo unathibitisha mambo mawili kwa pamoja: hela ni zako, na zinatoka kwenye kundi la amana ambalo halina zile za wizi unaojulikana. Huonyeshi ni amana ipi. Mwizi anabaki nje ya kundi, na uwezo alionao ni kurudishiwa hela zake kwenye anwani ileile zilikotoka, mbele ya macho ya wote. Atakayeandika orodha ya kundi hilo ana madaraka makubwa, na huo ndio ugomvi ninaotaka tuuanze sasa, badala ya kufunga vijana wa programu.

Juzi mteja aliniuliza kama anilipe kwenye anwani ya zamani. Nikampa mpya, haijawahi kutumika. Ila siku nitakapohamisha hela hizo kwenda kwenye pochi yangu ya kawaida, mstari kati ya anwani hizo mbili utaandikwa daftarini, na yeyote kati ya wale saba ataweza kuusoma.